Namna ya kuchagua kompyuta za kliniki ya meno inayohamia eksirei za kidijitali

Kliniki ikiamua kuachana na filamu, mawazo na fedha karibu zote huelekea kwenye sensa na mashine ya kupigia picha. Kompyuta hukumbukwa mwishoni, bajeti ikiwa imeshakwisha, na hapo huchukuliwa ile ya bei nafuu kuliko zote au ile iliyokuwa ikichapa risiti mapokezi. Namwomba kila daktari wa meno, na kila fundi atakayepewa kazi hii, aanze upande wa pili, kwa sababu inayomgusa mgonjwa mwenyewe.

Kwenye filamu, mionzi ikishapita, picha imeshaingia. Umeme ukikatika utaisafisha baadaye. Sensa ya kidijitali haifanyi hivyo: sensa nyingi hupokea mionzi na kuituma picha kwenye kompyuta papo hapo. Kompyuta ikiganda sekunde ileile, au tundu la USB likiwa limelala, picha haipo popote. Mgonjwa amepigwa mionzi bure na itabidi apigwe tena. Kanuni kuu ya eksirei ni kutumia mionzi kidogo kadiri inavyowezekana, kwa hiyo kompyuta inayogandaganda ni kasoro ya kitabibu, wala tusiichukulie kama kero ya ofisini. Maamuzi yote yaliyomo humu nimeyapima kwa swali moja: je, chaguo hili linaweza kufanya picha irudiwe, au kumfanya daktari asione kilichomo kwenye picha?

Hatua ya 1: Orodhesha vifaa, chumba kwa chumba

Kabla hujataja kompyuta yoyote, chukua karatasi uandike kila chumba kitapiga picha gani na kwa kifaa gani. Sensa ya mdomoni inayounganishwa kwa USB haina uzito mkubwa kwa kompyuta, lakini haivumilii kukatizwa. Vibao vya fosfori vinavyosomwa na skana vina nafuu kidogo, kwa kuwa picha hubaki kwenye kibao hadi kisomwe; hata hivyo hufifia kadiri muda unavyopita na kibao kinapopigwa na mwanga, kwa hiyo usikiache kikingoja. Mashine ya panorama, ile inayopiga picha moja pana ya taya zote, huwa na kebo yake ya mtandao. Mashine ya CBCT, ile inayotoa picha ya taya ya pande tatu, ni mzigo wa aina nyingine kabisa. Skana ya mdomoni inayochukua umbo la meno badala ya ute wa kuchukulia chapa nayo inadai kompyuta yenye nguvu, pengine kuliko CBCT yenyewe. Kamera ndogo ya mdomoni haina madai makubwa.

Orodha ikikamilika utaona kwamba huhitaji kompyuta za aina moja kila mahali. Kliniki nyingi huishia na aina tatu: ya pembeni mwa kiti cha matibabu, ya picha za pande tatu, na ya mapokezi. Juu ya hizo kuna seva, kompyuta kuu inayotunza picha za vyumba vyote. Ukinunua zote zenye nguvu ya kufungua CBCT umepoteza fedha ambazo zingenunua skrini nzuri na UPS, kile kifaa chenye betri kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika. Ukinunua zote za kiwango cha mapokezi, utalia siku CBCT ya kwanza itakapofunguliwa.

Hatua ya 2: Programu ndiyo inayochagua kompyuta

Mtengenezaji wa sensa, wa mashine ya CBCT na wa skana kila mmoja ana waraka wa mahitaji ya kompyuta. Udai waraka wa toleo utakalosimikiwa, siyo ule wa miaka iliyopita uliosahauliwa kwenye kabrasha la muuzaji. Ndani yake utakuta viwango viwili: cha chini kabisa na kinachopendekezwa. Cha chini kabisa maana yake programu itafunguka. Hakisemi lolote kuhusu siku yenye wagonjwa wengi, programu ya kumbukumbu za wagonjwa ikiwa wazi, programu ya kuzuia virusi ikikagua diski, na daktari akisubiri picha. Kwangu mimi kile kinachopendekezwa ndicho mwanzo wa mazungumzo.

Soma kwa makini sehemu ya mfumo endeshi. Programu nyingi za picha za meno zimeandikwa kwa ajili ya Windows pekee. Anayependa kompyuta za Apple ahakikishe kwanza kwamba sensa yake ina draiva za huko, na apate jibu hilo kwa maandishi. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo kompyuta mpya iwe ya Windows 11. Hiyo inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa isiyo ya zamani, na ndiyo sababu kompyuta nyingi zilizotumika zinazouzwa kwa bei ya kuvutia hazifai kazi hii. Chukua toleo la Pro badala ya Home: ndilo lenye BitLocker kamili ya kufunga diski kwa usimbaji fiche, na ndilo linaloruhusu kompyuta kuunganishwa kwenye usimamizi wa pamoja wa mtandao au kuhudumiwa na fundi akiwa mbali kwa njia ya Windows yenyewe.

Muulize pia muuzaji namna programu ya picha itakavyozungumza na programu ya kumbukumbu za wagonjwa. Ukifungua jina la mgonjwa upande mmoja, je, upande wa picha unafungua mgonjwa yuleyule bila kuandika jina upya? Panapokosekana kiungo hicho, msaidizi ataandika majina mara mbili, na ipo siku picha ya mtu mmoja itaingia kwenye faili la mwingine. Na uulize kama picha zinaweza kutolewa kwa kiwango cha DICOM, kilichowekwa ili picha za kitabibu zisomeke kwenye mfumo wowote. Ukibadilisha programu baada ya miaka kumi, hilo ndilo litakaloamua kama picha zako za zamani zinahama nawe.

Hatua ya 3: Kompyuta ya pembeni mwa kiti

Hapa ndipo picha nyingi hupigwa, na hapa ndipo uthabiti unashinda kasi. Prosesa ya daraja la kati, mathalani Intel Core i5 au AMD Ryzen 5 ya vizazi vya karibuni, inatosha. RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, iwe GB 16. Kwa GB 8 kompyuta inafanya kazi, lakini programu mbili kubwa zikifunguliwa pamoja inaanza kusuasua, na kusuasua ndiko tunakokukimbia. Diski iwe SSD, ile isiyo na sehemu inayozunguka; GB 512 zinatosha kwa sababu picha zenyewe zitakaa kwenye seva. Diski ya kuzunguka ya mtindo wa zamani isiingie chumba cha matibabu.

Laptopu nisingeiweka hapa. Matundu yake ni machache, huzimika betri ikichoka, huhamishwa ovyo, huibwa kwa urahisi, na skrini yake hubadilisha rangi ya kijivu kila unapoiinamisha. Kompyuta ndogo ya mezani inayofungwa nyuma ya kabati hufanya kazi vizuri zaidi na huchukua nafasi ndogo.

Tukae kidogo kwenye USB, kwa maana kwa ninavyoona matatizo mengi ya sensa huanzia hapo wakati lawama zikipelekwa kwa sensa au kwa programu.

Kwanza ni urefu. Kebo ya USB 2.0 haitakiwi kuzidi mita 5 kati ya kompyuta na kifaa, na ya USB 3.0 hufanya kazi vizuri hadi takriban mita 3. Sensa inakuja na kebo yake. Ukiongeza kebo nyingine ya mita kadhaa ili ifike kwenye kabati la mbali, umeshavuka mpaka. Picha zitaingia leo, kesho zitakatika katikati, na hakuna atakayejua kwa nini. Pima umbali kutoka kwenye mdomo wa mgonjwa hadi kwenye tundu, ukifuata njia ambayo kebo itapita kweli, si kwa kukisia kwa macho. Umbali ukizidi, sogeza kompyuta, au nunua kebo yenye kikuza ishara ambayo mtengenezaji wa sensa ameikubali.

Pili ni umeme. Tundu la USB 2.0 hutoa miliampia 500, la USB 3.0 hutoa 900. Ukiweka kigawanyaji, kile kisanduku kinachogeuza tundu moja kuwa mengi, kisicho na umeme wake, kibodi, kipanya, kamera na sensa vyote vinagawana kiasi hicho kidogo. Sensa ipewe tundu lake kwenye kompyuta yenyewe, au kigawanyaji chenye adapta yake ya umeme. Uliza pia kama sensa yako inapatana na USB 3.0, kwa sababu zipo za zamani zinazofanya vizuri kwenye USB 2.0 tu. Kompyuta utakayochagua iwe na matundu yasiyopungua sita.

Tatu ni usingizi. Kwenye mipangilio ya umeme ya Windows kuna kipengele kinachouruhusu mfumo kuzima matundu ya USB yasiyotumika ili kuokoa umeme. Kizime. Zima na usingizi wa kompyuta nzima wakati wa saa za kazi. Skrini pekee ndiyo iruhusiwe kuzimika. Kisha ingia kwenye orodha ya vifaa ndani ya Windows, kagua kila kitovu cha USB, na uondoe alama inayoiruhusu kompyuta kukizima. Mambo haya huchukua dakika chache, na masasisho makubwa ya mfumo huweza kuyarudisha yalivyokuwa, kwa hiyo yakaguliwe tena kila baada ya sasisho.

Sensa nyingi pia zina faili lake la kusahihishia picha, linalolingana na namba ya sensa ileile. Sensa ikihama kutoka chumba kimoja kwenda kingine, faili hilo lazima liwepo kwenye kompyuta ya huko. Waagize wanaosimika mfumo waweke mafaili ya sensa zote kwenye kompyuta zote tangu siku ya kwanza. Hebu mfikirie daktari aliye katikati ya matibabu ya mzizi, kifaa chembamba kimo ndani ya jino, anataka picha ya kupima urefu, na sensa ya chumba chake imegoma. Anaazima ya chumba jirani, naye anaambiwa na kompyuta kwamba sensa hii haijulikani. Hiyo si saa ya kutafuta faili.

Hatua ya 4: Kompyuta ya picha za pande tatu

Kama kliniki haina CBCT wala skana ya mdomoni, ruka hatua hii.

Ili kuelewa kwa nini CBCT inadai nguvu, fanya hesabu ndogo. Picha yake ni mkusanyiko wa vijichemba vya ujazo. Chukua eneo la sentimita 8 kwa 8 kwa 8, kila kijichemba kikiwa na upana wa milimita 0.2. Kila upande una vijichemba 400, jumla milioni 64, na kila kimoja huchukua baiti 2: hiyo ni takriban MB 128. Sasa daktari anataka kuona mfereji wa mzizi vizuri zaidi, anashusha hadi milimita 0.1. Kila upande unakuwa na 800, jumla milioni 512, na faili linapita GB 1. Upana umepungua nusu, mzigo umeongezeka mara nane. Na hiyo ni picha iliyokamilika tu. Wakati wa kuijenga kutoka kwenye mamia ya picha bapa, kompyuta hushika data nyingi zaidi kwa mpigo.

Kwa hiyo RAM iwe GB 32, prosesa iwe ya daraja la juu, diski iwe SSD ya aina ya NVMe ya TB 1, na iwepo kadi ya michoro ya kujitegemea. Kwa kadi, angalia kumbukumbu yake yenyewe: GB 8 ni mahali pazuri pa kuanzia. Usinunue kadi kwa sababu tu ni kali kwenye michezo. Angalia kama imo kwenye orodha ya kadi ambazo mtengenezaji wa programu amezijaribu. Programu nyingi za aina hii zimetengenezwa kwa kadi za NVIDIA, na yenye kadi nyingine inaweza isifunguke kabisa au ikafunguka ikiwa kobe.

Watengenezaji wengi wa CBCT huuza mashine pamoja na kompyuta yake ya kujengea picha. Ikiwa imo kwenye mkataba, ichukue, na usiigeuze kuwa kompyuta ya kuandikia barua. Kazi yake ni moja. Mara nyingi huhitaji kadi mbili za mtandao, moja ya kuzungumza na mashine moja kwa moja na nyingine ya mtandao wa kliniki. Anayeikagua ahakikishe zote zipo.

Kwa skana ya mdomoni, laptopu inakubalika kwa sababu skana huzunguka vyumbani. Lakini iwe laptopu yenye kadi ya michoro ya kujitegemea, na itumike ikiwa kwenye umeme. Laptopu nyingi hupunguza nguvu zikiwa kwenye betri, na skana huanza kupoteza mahali ilipo ndani ya mdomo. Laptopu za namna hii huwa na kadi mbili, dhaifu na yenye nguvu. Ingia kwenye mipangilio ya michoro ya Windows na uilazimishe programu ya skana itumie ile yenye nguvu.

Hatua ya 5: Skrini

Hapa ndipo ninapoona watu wakibana matumizi pasipostahili. Sensa inaweza kurekodi maelfu ya ngazi za kijivu. Picha ya biti 12 ina ngazi 4,096. Skrini ya kawaida ya biti 8 huonyesha 256 kwa wakati mmoja. Ubovu unaoanza katikati ya meno mawili, ukiwa bado ndani ya enameli, ni tofauti ndogo sana ya kijivu. Skrini mbaya huumeza, na mgonjwa anaenda nyumbani akiambiwa jino ni zima.

Chagua skrini ya aina ya IPS, ambayo haibadilishi mwonekano ukiitazama kwa pembeni, maana daktari mara nyingi huitazama kwa pembeni. Uwezo wake uwe angalau 1920 kwa 1080, mng'ao wa juu uwe kandela 300 kwa mita ya mraba au zaidi, na uso wake usiwe wa kung'aa kama kioo. Kwenye chumba ambamo panorama na CBCT zitasomwa kwa utulivu, skrini ya kitabibu iliyosawazishwa kwa kipimo cha kijivu cha DICOM ni fedha iliyokwenda mahali pake. Nchi nyingine zina kanuni rasmi za skrini za uchunguzi wa meno, kwa hiyo uliza mamlaka ya mionzi ya nchi yako kabla ya kununua.

Skrini ikishafungwa, iweke kwenye uwezo wake halisi, zima hali zote za kukoleza rangi na zile za kupunguza mwanga zenyewe, kisha fungua picha ya majaribio ya SMPTE au TG18-QC. Kwenye ile ya SMPTE tafuta sehemu mbili: mraba mweusi kabisa wenye mraba mdogo ndani wa asilimia 5, na mraba mweupe kabisa wenye mraba mdogo wa asilimia 95. Unatakiwa uione yote miwili ya ndani. Usipouona wa kwenye weusi, punguza mwanga wa chumba au rekebisha mng'ao. Usipouona wa kwenye weupe, shusha utofauti wa skrini. Ikishindikana kwa marekebisho yote, irudishe dukani. Rudia jaribio hilo kila mwezi, taa za chumba zikiwa kama zinavyokuwa wakati wa kazi.

Mwanga wa chumba una nguvu kuliko watu wanavyodhani. Taa ya kiti cha matibabu ikielekea kwenye skrini, au dirisha likiwa mkabala nayo, hata skrini bora inageuka kioo cha kujitazamia. Panga mahali pa skrini kabla ya fundi wa umeme kuweka soketi. Na televisheni kubwa ya ukutani ni nzuri kwa kumweleza mgonjwa kinachoendelea kinywani mwake, ila maamuzi ya tiba yasifanyike juu yake.

Hatua ya 6: Mtandao, seva na nakala rudufu

Tumia waya. Wi-Fi iachiwe simu na tableti. Kwenye mtandao wa gigabiti ulio safi, faili la GB 1 hufika kwa sekunde kumi hivi. Kwenye swichi ya zamani ya megabiti 100 faili lilelile huchukua takriban dakika moja na nusu, na watu wataanza kubofya tena na tena wakidhani kompyuta imeganda. Kebo ziwe Cat 6, swichi iwe ya gigabiti matundu yote, na kila chumba kiwekewe soketi moja ya akiba. Kupasua ukuta baadaye ni ghali kuliko soketi.

Seva isiwe kompyuta ya mapokezi. Mtu akiizima jioni, au akifungua barua pepe yenye virusi, kliniki nzima inakosa picha. Ukubwa wa diski upige kwa hesabu yako mwenyewe. Kliniki inayopiga picha ndogo 40 kwa siku, kila moja MB 5, hutumia MB 200 kwa siku, yaani GB 50 kwa mwaka wenye siku 250 za kazi. Ikiongeza CBCT mbili kwa siku za MB 500 kila moja, inaongeza GB 250 kwa mwaka. Kwa miaka kumi hiyo ni TB 3, na sheria za nchi nyingi hutaka kumbukumbu zitunzwe miaka mingi, hasa za watoto. Angalia sheria yako, kisha nunua nafasi mara mbili ya hesabu.

Diski mbili zinazoandika kitu kilekile kwa wakati mmoja zinakuokoa diski moja ikifa. Hazikuokoi mtu akifuta picha kwa bahati mbaya au virusi vya kudai fidia vikifunga mafaili, kwa kuwa kosa huandikwa kwenye zote mbili. Kwa hiyo weka nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo na isiyounganishwa muda wote na mtandao wa kliniki. Kila baada ya miezi michache, chagua mgonjwa mmoja na urudishe picha zake kutoka kwenye nakala uone kama zinafunguka. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa usiihesabu.

Hatua ya 7: Umeme

Kila kompyuta inayopokea picha iwe kwenye UPS. Seva pia. Na swichi ya mtandao, ambayo karibu kila mara husahaulika: kompyuta zote ziko hai, seva iko hai, ila picha haina njia ya kupita kwa sababu kisanduku cha katikati kimezimika. UPS haihitaji kubeba kliniki kwa saa nzima. Dakika kumi za kumaliza picha, kuihifadhi na kuzima kwa utaratibu zinatosha, au hadi jenereta iwake. Ziwekewe ratiba ya kubadilishwa betri.

Mashine ya eksirei yenyewe usiichomeke kwenye UPS ya kompyuta. Huvuta umeme mwingi kwa muda mfupi sana, na UPS ndogo hujizima yenyewe kwa mshtuko huo ikiwa na kompyuta yako juu yake.

Hatua ya 8: Mahali pa kuiweka na usafi

Kiwango cha kimataifa cha usalama wa vifaa vya umeme vya tiba, IEC 60601-1, huhesabu mita 1.5 kumzunguka mgonjwa kuwa eneo lake. Kompyuta ya kawaida ya ofisi haikutengenezwa kwa ajili ya eneo hilo. Ama iwe nje ya mita hizo, ama iwe kompyuta ya kitabibu iliyothibitishwa, ama iwekewe transfoma ya kutenganisha umeme kwa ushauri wa fundi wa vifaa tiba. Jambo hili lina uzito zaidi kwa kuwa sensa iliyo mdomoni imeunganishwa kwa waya na kompyuta hiyohiyo. Lipimwe pamoja na urefu wa kebo ya USB, kwa maana yanavutana: moja linataka kompyuta iwe karibu, jingine linaitaka iwe mbali.

Drili ya meno hurusha unyunyu wa maji, mate na vumbi la jino, na feni ya kompyuta huuvuta ndani. Iweke juu ya sakafu, nyuma ya mlango wa kabati wenye matundu ya hewa, au nunua isiyo na feni. Kibodi na kipanya viwe vya kuoshwa au vifunikwe kwa plastiki inayobadilishwa baada ya kila mgonjwa. Kabla ya kuifuta skrini kwa dawa ya kuua vijidudu, soma maelekezo yake. Dawa nyingine huchubua tabaka la juu.

Hatua ya 9: Funga milango ya data

Kila mtu awe na jina lake la kuingilia, na asiyefanya kazi ya fundi asipewe mamlaka ya kusimika programu. Washa BitLocker na utunze funguo zake nje ya kompyuta. Programu ya kuzuia virusi iambiwe isikague folda za picha wakati wa saa za kazi, kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji wa programu, na masasisho ya Windows yapangiwe usiku.

Hatua ya 10: Nunua moja kwanza

Usilipie kompyuta zote kwa pamoja. Nunua moja ya pembeni mwa kiti, isimikwe kila kitu, kisha ijaribiwe kwenye chumba chenyewe kwa jino lililong'olewa au kifaa cha majaribio, kamwe si kwa mtu. Piga picha ishirini mfululizo. Iache ikae saa moja bila kuguswa, halafu piga tena bila kuizima na kuiwasha. Chomoa sensa na kuichomeka, hamishia sensa ya chumba kingine, vuta plagi ya ukutani uone kama UPS inashika. Fungua CBCT kubwa kuliko zote kutoka kwenye seva huku mtu mwingine akipiga picha chumba cha pili. Picha moja tu ikipotea kati ya hizo, tafuta chanzo kabla ya kuendelea.

Ikifaulu, agiza zilizobaki za modeli ileile, pamoja na moja ya ziada iliyosimikwa tayari na kuwekwa kabatini. Kwa kila kompyuta andika karatasi moja: namba yake, toleo la programu na draiva, namba za sensa zilizosimikwa humo, tundu la USB lililotengwa kwa sensa, mipangilio ya umeme uliyobadilisha, na tarehe ya jaribio la mwisho la skrini. Karatasi hiyo ibandikwe ndani ya mlango wa kabati la kompyuta, mahali ambapo msaidizi ataiona bila kumpigia fundi simu.